Picha Ilipona Kabla ya Mgonjwa: kisa cha mshona kofia na kipimo cha mkao wa shingo

Kisa hiki kimetoka kliniki ndogo ya watu binafsi mjini Unguja, ambako mimi nafanya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na mwenzangu anafanya kairopraktiki, tiba ya mikono inayoshughulikia zaidi uti wa mgongo. Mgonjwa ameridhia kielezwe. Jina lake, kijiji chake na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyaondoa. Nitamwita Bi M.

Usuli

Bi M. alikuwa na umri kati ya miaka 45 na 50, mama wa watoto watano, mkaazi wa shamba upande wa kusini wa kisiwa. Kazi yake ni kushona kofia za viua kwa mkono. Asiyewahi kuikaa kazi hii huenda asijue uzito wake: kitambaa kinatobolewa vitundu vidogo kwa mamia, na kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa sindano mpaka kisimame chenyewe, kigumu, kama jicho la samaki. Kofia nzuri inakula wiki nyingi. Mnunuzi naye huishika juani na kuigeuza. Akiona kiua kimoja kimekwenda kombo, bei inashuka pale pale.

Alitufikia mwanzoni mwa Rajabu, wakati tajiri wake ameshampa oda za Sikukuu. Alikuwa na maumivu nyuma ya shingo yanayoshuka mpaka kombe la bega la kulia, yameshatimia miezi mitatu. Alipoulizwa ayapime kwa kumi alisema sita. Kila magharibi ikikaribia kichwa kilimgonga. Na kitu kimoja alikisema mwenyewe bila kuulizwa: akimaliza sala, salamu ya kushoto anaitoa vizuri, lakini ya kulia shingo inakamata kabla uso haujafika begani.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshachuliwa kwa mafuta ya karafuu, amepigwa chuku mara mbili, na amekunywa panadoli kila siku kwa wiki tatu. Chuku zilimpa nafuu ya siku mbili tatu.

Siku ya kwanza

Tulianza na yale ambayo hayaruhusiwi kurukwa. Hakuwa na homa, jasho la usiku wala kukonda, na hayo tuliyauliza kwa makini kwa sababu kifua kikuu huweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Hakuwa na ganzi ya vidole, mikono haikumlegea akishika sindano, mwendo wake ulikuwa sawa na haja ndogo haikuwa na tatizo. Nguvu za mikono na mishtuko ya kano vilikuwa vya kawaida pande zote mbili. Hapakuwa na sababu ya kumpeleka hospitali siku ile, wala ya kumpiga eksirei.

Ndipo tukaja kwenye mkao.

Kliniki yetu ina timazi, ile ile ya fundi mwashi, imening'inizwa darini mbele ya karatasi kubwa ya miraba. Mgonjwa husimama ubavu. Kwa kipimo tulichofundishwa, uzi wa timazi ukiwekwa mbele kidogo ya kifundo cha mguu unapaswa kupanda mbele kidogo ya kiungo cha goti, nyuma kidogo ya kiungo cha nyonga, katikati ya bega, na kufika kwenye ndewe ya sikio. Sikio la Bi M. lilikuwa mbele ya uzi kwa umbali uliotushtua sote wawili.

Tukapiga picha kwa simu na kuiingiza kwenye programu inayopima pembe ya shingo. Pembe hiyo hupatikana hivi: unachora mstari mlalo unaopita kwenye pingili ya saba ya shingo, ile inayochomoza ukiinama, kisha mstari wa pili kutoka pingili hiyo hadi kwenye kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Pembe ikiwa ndogo, kichwa kiko mbele zaidi. Tafiti nyingi huhesabu kwamba chini ya digrii 48 au 50 kichwa kimetangulia. Ya Bi M. ilikuja 41.

Naomba msomaji aione picha ile kama tulivyoiona sisi. Mwanamke amesimama mbele ya wanaume wawili asiowajua, amejifunga mtandio vizuri mpaka kidevuni, macho yako chini. Stika ya pingili ya saba tuliibandika juu ya kitambaa, pale vidole vyetu vilipohisi kuna mfupa. Ya sikio nayo juu ya kitambaa. Kisa chote kimo katika picha hiyo, na hatukukiona.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Ukutani kwetu palikuwa na bango linalotokana na hesabu zilizochapishwa mwaka 2014 na daktari wa upasuaji wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj: kichwa kilichosimama wima kina uzito wa kilo 5 hivi, kikiinama digrii 60 shingo inabeba kama kilo 27. Mwenzangu alimwonyesha Bi M. bango lile, kisha picha yake mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo shingo yangu imeshapinda?" Tukamjibu ndiyo, lakini itarudi.

Mpango ulikuwa wiki nne, mara mbili kwa wiki. Mwenzangu angefanya kazi ya mikono kwenye shingo na mgongo wa juu. Tulikubaliana kutotumia ule msukumo wa ghafla wa kuzungusha shingo. Madhara yake makubwa, yaani kuchanika mshipa wa damu wa shingoni, ni nadra, lakini kwa maumivu ya namna hii njia ya taratibu hutosha. Mimi nilimpa zoezi la kurudisha kidevu nyuma, mara kumi kila baada ya saa moja. Na tulimwambia aache kukaa chini: ashonee kwenye kiti, mgongo umenyooka, miguu imegusa sakafu.

Sababu zetu zilikuwa tatu. Picha ilikuwa wazi machoni petu. Kazi yake ni ya kuinama, kwa hiyo picha na kazi vilitoa ushahidi mmoja. Na kusema kweli, namba ina nguvu: ukishaandika 41 kwenye faili, kila kitu unachokiona baada ya hapo kinajipanga nyuma yake.

Wiki nne

Kila siku ya miadi Bi M. aliondoka kwao alfajiri kwa daladala, na kurudi alasiri. Siku nane za kazi zilikwenda njiani. Baada ya kushughulikiwa alisema anajihisi mwepesi, maumivu yanashuka mpaka nne. Kesho yake jioni yamerudi sita. Kiti alikijaribu kwa siku tatu akakiacha. Alisema kwenye kiti kitambaa hakikai, kinateleza magotini, na viua vinatoka vikubwa vikubwa. Kwenye faili niliandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Sentensi ile naijutia kuliko yote niliyoandika mwaka ule.

Mwisho wa Rajabu tukampiga picha ya pili. Pembe: 46. Digrii tano zaidi kwa mwezi mmoja! Tuliziweka picha mbili pamoja kwenye kioo cha simu na kumwonyesha kwa furaha. Alizitazama moja, akatazama ya pili, akasema taratibu:

"Picha imepona, mwanangu. Mimi bado."

Aliyeamka kwanza ni muuguzi wetu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. Bi M. alipotoka alituuliza swali moja: mlipima shingo au mlipima mtandio?

Kupima upya, na ziara ya nyumbani

Siku ya tatu yake muuguzi alimchukua Bi M. peke yake katika chumba kilichofungwa. Mtandio ukatolewa, nywele zikainuliwa, alama zikawekwa juu ya ngozi. Hakumwambia asimame wima. Alimwambia afumbe macho, atikise kichwa juu na chini mara chache, kila safari kidogo zaidi ya iliyopita aipunguze, kisha akiache pale kinapotua chenyewe, afungue macho na kutazama ukutani. Akapima mara tatu, kila mara akianza upya na kubandika alama upya. Akapata 47, 50 na 46.

Ndani ya dakika ishirini, mtu mmoja, siku moja, tofauti ya digrii nne. Ile nafuu yetu ya digrii tano iliishia hapo. Sehemu yake ilikuwa ni kitambaa kilichohama pamoja na stika, na sehemu, naamini, ni kwamba baada ya mwezi Bi M. alikuwa ametuzoea. Mara ya kwanza aliinamisha uso kwa sababu ya haya. Sisi tuliipima adabu yake na kuiandikia ugonjwa.

Wiki ya kwanza ya Shaabani tulikwenda kwao. Muuguzi alipiga hodi na kuingia mbele, sisi tukasubiri barazani mpaka tulipokaribishwa. Ilikuwa baada ya isha, kwa sababu muuguzi alikuwa amemuuliza swali ambalo hatukuwahi kumuuliza: unashona saa ngapi? Mchana ni kupika, kuchota maji, watoto na skuli. Kofia ni usiku.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, taa moja ya darini iko nyuma yake, kwa hiyo kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinaangukia kazi. Na alikuwa amevaa miwani. Hatukuwahi kuiona miwani hiyo, kwa sababu mjini hakuwa akija nayo. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Mkono mmoja ulishakatika, umefungwa kwa uzi mweupe wa kofia, mizunguko mingi iliyobanana, kazi safi kama kiua. Muuguzi aliigeuza, akamulika kwa tochi ya simu ndani ya ule mkono mzima na kusoma: +3.50.

Tulichukua futi ya kushonea iliyokuwa mkekani na kupima kutoka jicho hadi sindano. Sentimita 27.

Tulichofanya baada ya hapo

Hesabu yake haina ugumu. Kwa mtu anayeona mbali vizuri, gawa mita moja kwa namba ya miwani ya kusomea, utapata umbali ambao mbele yake kila kitu kinaingia ukungu. Kwa 3.50 ni kama sentimita 29. Kitambaa kikiwa mapajani, jicho liko sentimita 45 hadi 50 juu yake. Bi M. angeweza kuinua mikono, lakini mkono ulioinuliwa hautoboi kitundu kimoja vizuri, acha mia. Kilichobaki ni kichwa kushuka. Kilishuka kila usiku, saa tatu au nne, kwa miaka miwili tangu mama yake afariki na yeye airithi miwani. Na kiti tulichompa kilimzidishia umbali. Alikuwa na haki kukiacha.

Bila miwani nako hakukuwa na njia. Katika umri wake jicho la kila mmoja wetu limeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa macho. Mbali aliona sawa, macho hayakuwa na ugonjwa, akapewa miwani ya kusomea ya +1.75, ambayo ukungu wake unaanzia kama sentimita 57. Taa tuliihamishia mbele ubavuni kwa waya mrefu. Akaweka mto mapajani ili kazi ipande. Alirudi kukaa mkekani, na mimi nikafuta lile zoezi la kila saa, nikamwekea jambo moja: akimaliza safu ya viua ainuke, azungushe mabega, anywe maji, arudi. Kazi ya mikono ilipungua ikawa mara moja kila wiki mbili, na ziara hizo hatukumtoza.

Matokeo

Katika wiki ya pili ya miwani mpya kichwa kiliacha kumgonga jioni. Maumivu ya shingo yalishuka mpaka tatu kufikia mwanzo wa Ramadhani, yakapanda nne katika kumi la mwisho alipokuwa akikesha amalize oda, na baada ya Sikukuu yakatua kwenye mbili. Kofia zote alizipeleka kwa wakati. Salamu ya kulia, alisema, sasa inafika.

Baada ya Sikukuu muuguzi alimpima tena kwa utaratibu ule ule wa chumba kilichofungwa. Pembe: 48, 46, 49. Haikubadilika.

Uchambuzi

Tangu Daniel David Palmer alipoanzisha kairopraktiki huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, fani hii imejengwa juu ya wazo kwamba mpangilio wa uti wa mgongo una habari ya kutueleza. Fiziotherapia nayo imeirithi timazi kwa mapenzi yale yale, kwa hiyo simnyooshei kidole mwenzangu peke yake. Swali la kisa hiki ni habari gani hasa ambayo mkao unaieleza, na kwa uhakika wa kiasi gani.

Kuhusu uhakika, jibu tulikuwa nalo siku zote kama tungelitafuta. Mwaka 2003 jarida la Spine lilichapisha utafiti ambamo wataalamu 28, wakiwemo wa kairopraktiki, fiziotherapia na madaktari wa upasuaji wa mifupa, walionyeshwa picha za watu wamesimama ubavu na kutakiwa kusema kama mpindo wa shingo na wa kiuno ni wa kawaida, umezidi au umepungua. Makubaliano yalipimwa kwa kipimo ambacho sifuri maana yake ni bahati tu na moja ni makubaliano kamili. Mtaalamu akilinganishwa na yeye mwenyewe siku nyingine alipata wastani wa 0.50. Wataalamu wakilinganishwa wao kwa wao: 0.16. Hapo picha ni zile zile, hazikupumua wala hazikuona haya. Kupima pembe kwa programu ni bora kuliko jicho tupu, lakini programu huchora mstari baina ya alama ulizoziweka wewe. Ukizibandika juu ya mtandio, itakupa kwa ufasaha mkubwa pembe ya mtandio.

Kuhusu maana, mambo hayako upande mmoja. Mapitio ya tafiti 15 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuta kwamba watu wazima wenye maumivu ya shingo, kwa jumla, kichwa chao kiko mbele zaidi kuliko wasio na maumivu. Kwa vijana tofauti hiyo haikuonekana. Huko Perth, Australia, vijana 1,108 wa miaka 17 walipangwa katika makundi manne kwa mkao wa shingo, na ripoti ya mwaka 2016 ikasema makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu ya shingo. Wala palipo na uhusiano hatujui kipi kimeleta kingine. Bi M. alitufundisha njia ya tatu: kitu kimoja, yaani miwani, kilizaa mkao na kikazaa maumivu. Mkao wa usiku, nasema. Ule wa kusimama mbele ya karatasi ya miraba haukuwa na habari hiyo hata kidogo. Maumivu yamepungua na pembe iko pale pale.

Bango la kilo 27 tumeliteremsha. Hesabu zile zinatokana na modeli ya kompyuta. Hazikupimwa ndani ya shingo za watu. Na hata kama zingekuwa sawasawa, hazisemi kwamba shingo imeharibika. Nikikumbuka alivyonyamaza Bi M. mbele ya bango lile, na swali lake, naona tulimpa mzigo mpya juu ya ule aliokuja nao. Kwa wiki nne aliamini ana shingo iliyopinda.

Je, ni miwani peke yake iliyomponya? Siwezi kudai hivyo. Maumivu ya shingo hupanda na kushuka yenyewe, taa ilihama siku zile zile, mto pia, na alikuwa ameanza kutuamini. Lakini zito kwangu ni majira: nafuu ilikuja Shaabani na kukaa ndani ya Ramadhani, wakati kazi ilikuwa nzito kuliko miezi yote. Kwamba miwani ya kusomea hubadilisha kazi ya mikono si jambo la kukisia pia. Utafiti wa PROSPER wa mwaka 2018, kwa wachumaji chai 751 wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, ulikuta waliopewa miwani ya karibu walichuma zaidi kwa kiasi cha asilimia 21.7 kuliko ambao hawakupewa.

Yaliyokwenda vizuri ni machache, nayo yanastahili kutajwa. Dalili za hatari zilichunguzwa kabla ya kipimo chochote cha mkao. Shingo haikusukumwa kwa nguvu. Kazi ya mikono ilimpa nafuu ya siku moja, na nafuu ya siku moja kwa mtu asiyelala si kitu cha kudharau. Na salamu ya kulia, ambayo siku ya kwanza niliiandika pembezoni mwa karatasi kama maneno tu ya mgonjwa, ilikuwa kipimo bora kuliko programu: inafanyika mara tano kila siku, kwa namna ile ile, na anayeipima ni mwenye shingo.

Tuliposhindwa zaidi ni kwenye kiti. Mgonjwa alipotuambia kitambaa hakikai na viua vinakuwa vikubwa, alikuwa anatueleza umbali baina ya jicho na kazi, kwa lugha ya fundi. Tungemuuliza tu "kwa nini vinakuwa vikubwa?" tungeokoa mwezi mzima na nauli za safari nane. Siku hizi mtu yeyote anayekuja kwetu na shingo huambiwa aje na kazi yake mkononi, iwe ukili, kofia au simu, na miwani yake kama anayo. Anakaa anavyokaa kwao. Wanawake hupimwa na muuguzi. Timazi bado inaning'inia, na picha bado tunapiga pale tunapotaka kumfuatilia mtu huyo huyo kwa muda mrefu, mara tatu kila kikao, na hatumwonyeshi kama ushahidi wa ubovu wake.

Lililobaki

Wakati wa kumpima baada ya Sikukuu muuguzi alimuuliza Bi M. ile miwani ya marehemu ameihifadhi wapi. Alijibu kwamba amempa wifi yake, naye ni mshona kofia, macho yameanza kumsumbua. Hilo hatukuwa tumelifikiria. Tumemtafutia wifi nafasi kwa mtaalamu wa macho wiki ijayo. Bi M. ameomba, akishapata yake, ile ya +3.50 arudishiwe yeye. Anataka kuiweka sandukuni, pamoja na vitu vingine vya mama.